Jicho la Angani na Migomba ya Nakivale

Kwa muda mrefu, wasomaji wangu, niliamini bila chembe ya shaka kwamba Marekani ilikuwa imetundika jicho angani, juu kabisa ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kwamba kazi ya jicho hilo ilikuwa kuhesabu migomba. Halikuwa na habari na majambazi wala mizinga. Lilihesabu migomba tu. Mkimbizi mwenye faili la kupelekwa Marekani akipanda mgomba mmoja, jicho lingeuona. Akipanda shamba zima, lingeandika kwamba bwana huyu amekwisha kupata kwao, ameshiba, ndege haimhusu tena, na faili lake lingefungwa na mtu ambaye hajawahi hata kunusa matoke. Nililiamini jambo hilo mimi mwenyewe, mhitimu wa shule ya jioni ya hapa Mbarara, ambaye cheti chake kimetundikwa sebuleni juu kidogo ya picha ya harusi. Nililisimulia kwa kinyozi, nikalisimulia kwenye karamu za ndoa, na kila nikilisimulia lilinenepa. Mara ya mwisho lilikuwa limefikia ukubwa wa uwanja wa mpira, na siku zisizo na mawingu ng'ombe wa Endiinzi walikuwa wanaliona na kuacha kula.

Aliyenifundisha habari ya jicho hilo amefariki. Nililetewa taarifa na dereva wa lori la maharage, aliyesimamisha gari mbele ya duka, akashuka, akavua kofia, na kabla hajafungua mdomo nilijua, maana dereva huyo huwa havui kofia hata kanisani. Kifua, alisema. Walikuwa wamekwisha kumzika. Marehemu alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, mkulima na mchuuzi mdogo wa maharage na karanga, mume wa mke mmoja na baba wa watoto ambao sikuwahi kufaulu kuwahesabu kwa sababu hawakutulia mahali pamoja. Jina lake sitalitaja. Safu hii haitaji majina ya watu, na yeye hasa angekasirika kuona lake gazetini, akihofia kwamba huko ng'ambo kuna mtu wa kukata vipande vya magazeti ya Mbarara na kuvibandika kwenye faili lake.

Tulijuana kwenye maharage. Shemeji yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Haji, ana duka la nafaka mjini, na mimi ndiye ninayemzungukia Rugaaga, Endiinzi na Nakivale kutafuta mazao. Siku ya kwanza nilimkuta kando ya njia ya Kabazana, kile kituo wanachoandikishiwa wageni kabla ya kupewa viwanja. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, amevaa koti zito kwenye jua la kukaanga mayai, redio ameibana sikioni. Nikamuuliza bei. Akainua mkono ninyamaze. Redio ilikuwa inazungumza Kifaransa, na wateja wengine nyuma yangu wakaanza kuguna. Taarifa ilipokwisha alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayetoka kupokea habari ya msiba wa ukoo, akasema, "Bazungu banagombana."

"Wazungu gani, mzee wangu?"

"Ba Ulaya na ba Amerika. Juu ya vita ya Iraki. Bamoja banakubali, bengine banakataa." Akatikisa kichwa, akaniuzia gunia zima bila kubishana bei, kwa sababu mawazo yake yalikuwa mbali sana na maharage.

Tangu siku hiyo sikuwahi kupita Nakivale bila kukaa naye. Wakimbizi wengine walisikiliza redio kutafuta habari za kwao, nani kateka mlima gani, barabara ipi imefunguliwa. Yeye habari za kwao alikuwa anazizima. Alisema zilikuwa zinamrudisha kwenye nyumba ambayo paa lake aliliona likiwaka. Alichokifuata kama watu wanavyofuata mpira wa Uingereza ni ugomvi wa Ulaya na Marekani. Alijua ni nchi gani imenuna, ni ipi imerudi kuomba radhi, na ni ipi inajifanya haijasikia. Nami nilikuwa natoka darasani jioni nikiwa nimejaa jiografia, nikidhani nitamfundisha. Nilikuwa nafika na ramani kichwani, naondoka nayo imegeuzwa juu chini.

Kwa maelezo yake, Ulaya yote ilikuwa kambi. "Angalia, muandishi," alikuwa ananiambia, kwani aliniita hivyo hata kabla sijaandika chochote zaidi ya mitihani. "Ulaya ilipigana, ikachoma nyumba yake yenyewe. Njo Mumarekani akakuja. Akabapa chakula, akabapa feza ya kujenga, akasimamisha askari ku mulango. Ba Ulaya bakasema asante. Sasa miaka inapita, na ule askari eko bado ku mulango, na bo banalala vizuri. Ile njo ukimbizi. Weye unafikiri ukimbizi ni kukimbia? Hapana. Kukimbia ni siku moja. Ukimbizi ni kulala vizuri sababu muntu mwingine anachunga mulango."

Nilicheka siku hiyo mpaka nikaegemea mti. Yeye hakucheka.

Halafu ukafika mwaka ule zilipotoka habari kwamba Marekani ilikuwa inasikiliza simu za wakubwa wa Ulaya, marafiki zake wenyewe, watu waliokuwa wanakaa nao meza moja na kupiga picha pamoja wakitabasamu. Nadhani hapakuwa na mtu aliyezipokea habari hizo kwa uchungu na furaha kwa pamoja kama rafiki yangu. Alikuja Mbarara juu ya lori, maharage yake nyuma, habari zake mbele. Hata kabla gunia halijapimwa, alikuwa amekwisha kumshika Haji mkono.

"Mwenye anakuchunga mulango," alimwambia, "siku moja utamukuta na sikio ku dirisha."

Haji, ambaye Kiswahili chake amekiokota sokoni na kwenye kambi za jeshi, hakuona jambo la ajabu. "Kwani mbaya iko wapi? Bibi yangu, dada ya huyu, nasikiliza simu yangu kila siku. Bado tunakaa."

"Bibi yako hana mabomu, Haji."

"Ssebo, bwana, wewe hujaona yeye nakasirika."

Duka zima likacheka, wapagazi wakatua mizigo. Rafiki yangu akaendelea kama hakusikia. Alisema sasa Ulaya imeamka. Wanasema wanataka mitambo yao wenyewe ya mawasiliano, barua zao zisipite tena kwa Mumarekani, na siku moja watataka jeshi lao pia. Alisema kuaminiana kukishavunjika hakuungwi na gundi. Mtu utaendelea kumsalimia na kumkaribisha chai, lakini ukitaka kusema neno la maana utatoka nje. Alisema Ulaya ilipaswa kuanza kulima kwake zamani, wakati posho ilipokuwa bado inakuja, kwa maana siku ya njaa si siku ya kutafuta jembe. Alisema mengi, na Haji alimsikiliza mpaka mwisho huku akikagua maharage kwa vidole. Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote:

"Lakini wewe Mukongo nachekesha mimi. Wewe nakula posho ya Amerika. Mafuta nakuja na bendera ya Amerika kwa mukebe. Nangoja ndege ya Amerika. Halafu nakaa kwa gunia yangu, nafundisha Ulaya kuacha Amerika. Kwa nini wewe hapana anza?"

Kicheko kilikatika. Rafiki yangu aliangalia viatu vyake. "Ulaya iko na fasi yake, inchi yake," alisema. "Mimi niko ku fasi ya batu."

"Na ile ploti walikupa kule?"

"Ile ni ya kungojea."

Neno hilo lilinikaa, kwa sababu baadaye nilikuja kuona kwamba kila alichokuwa nacho kilikuwa cha kungojea. Nyumba ilikuwa ya kungojea. Viti vilikuwa vya kungojea, vya magogo, kwa kuwa huwezi kununua viti halafu uviache. Hata koti lile zito, nilipomuuliza kwa nini analivaa kwenye joto, alisema ameambiwa Amerika kuna baridi, basi analizoesha mwili. Siku hiyo hiyo, Haji alipogeuka kuhudumia wateja, rafiki yangu alinivuta ndani ya ghala, akaangalia juu kuhakikisha kwamba tuko chini ya bati, na ndipo aliponiambia habari ya jicho.

Inabidi nieleze desturi, kwa wasomaji ambao hawajafika kule. Nakivale wenye faili, au dosie kama Wakongo wanavyoiita, wengi walikuwa wanaogopa kupanda kitu kinachodumu. Maharage ni sawa, yanang'olewa baada ya msimu. Mahindi ni sawa. Lakini mgomba ni kama kuoa. Ukiupanda leo, watoto wake watakuzunguka mpaka uzeeni, na hutaweza kumwambia mtu kwamba unapita tu. Paa nalo ni hivyo hivyo. Lile turubai la plastiki wanalopewa wageni, wenyewe wanaliita shitingi, linasema mimi ni mgeni. Bati linasema nimefika. Nani alianzisha hofu hiyo sijui, na hakuna ofisi niliyosikia ikisema hivyo, lakini ilitembea kutoka kiwanja hadi kiwanja, na ungeweza kusimama kilimani ukatambua kwa macho nyumba za wenye matumaini. Ndizo zilizokuwa mbovu kuliko zote.

Mimi, pamoja na kuliamini jicho, nilikuwa pia na tumbo la mtu wa Mbarara, na sikuweza kuvumilia kuona familia inaishi kwenye udongo ule bila matoke. Msimu mmoja nikapakia kwenye lori machipukizi ya migomba kutoka Rugaaga, mazuri, manene kama mikono ya mcheza mieleka, nikayashusha mlangoni pake nikiwa najiona nabii. Nilikuwa nimepanga kumwambia ayapande yametawanyika, jicho lidhani ni magugu. Mkewe alitoka ndani akifuta mikono kwenye kitenge, akayatazama, akapiga magoti na kuanza kuyatenga makubwa na madogo. Nilimwona usoni. Mama yule alikuwa na kiwanja chake kamili akilini, hata mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa humo.

Mumewe akasema, "Hapana, mama. Acha."

"Niache juu ya nini?"

"Dosie iko mbele."

"Dosie iko mbele tangu huyu hana meno." Akamwonyesha mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa anatafuna bua. "Sasa meno ilikuja, na ingine imeanza kutoka. Papa muandishi analeta chakula ya batoto, na weye unaangalia mawingu."

"Bale ba juu batatuona."

"Batuone. Batuone tunakula."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, akasimama, akaingia ndani. Mumewe alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumwinulia mkono, na alibaki amesimama katikati ya machipukizi yale kama mtu aliyesimama kwenye maji asiyojua kina chake. Alikuwa anataka kuwapa watoto wake nchi nzima, na ili awape nchi nzima ilimbidi awanyime mashina machache ya migomba. Mwishowe akamwita jirani yake, Mkongo mwenzake wa kutoka vilima vile vile, mtu wa kucheka ovyo ambaye naye alikuwa na dosie, akamwambia ayachukue. Jirani aliyapanda yote jioni ile akiimba. "Bakinikataa, nitakula," alisema. "Bakinikubali, mutakula ninyi."

Wakamkubali. Migomba ikiwa imesimama kama kikosi cha askari, mikungu ya kwanza ikining'inia wazi mbele ya mbingu zote, jirani yule aliitwa na biro, yaani ofisi ya wakimbizi, yeye na familia yake, wakapewa mifuko yao ya safari, wakapanda basi, wakaenda. Nilipofika na kusikia, nilimkimbilia rafiki yangu. Nilitaka anieleze. Alinieleza.

"Siku bale batu banapiga picha kwake," alisema, "kulikuwa mawingu mingi."

Nami, wasomaji wangu, na cheti changu, niliitikia kwa kichwa. Tena nilirudi mjini nikawaeleza watu habari ya mawingu kama nyongeza ya kisayansi. Tukiamua kuamini, hakuna ukweli unaoweza kutuingia hata ukija na nyundo.

Jirani aliacha shamba mikononi mwa yule mama. Akawa anavuka mpaka wa viwanja, anakata mkungu, anapika, na mumewe anakula kama sisi sote, akilamba vidole. Lakini kila akimaliza alikuwa anasema kwa sauti, akiinua uso kidogo kuelekea kwenye shitingi, "Hizi haziko zangu." Na kwenye simu vivyo hivyo. Tangu zile habari za Ulaya alikuwa ameamua kwamba kama simu ya mkubwa wa Ulaya inasikilizwa, yake haiwezi kuachwa. Ukimpigia kumuuliza hali ya posho, alikuwa anaisifu posho. Unga ulikuwa mzuri, maharage yalikuwa mazuri, mafuta yalikuwa mazuri kupita yote. Na kabla ya kukata alikuwa anaongeza, kwa heshima, "Na weye mwenye unasikiliza, usiku mwema, salimia ba kwako." Ilikuwa inanichekesha kila mara. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuwa anatania. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekasirika kwa sababu kuna mtu anawasikiliza. Rafiki yangu alikuwa anaomba iwe kweli.

Kisha posho ikapunguzwa. Sababu zilitangazwa, sikuzielewa, na wenye kula hawakuzielewa pia. Wale waliokuwa na migomba walilalamika, wakaenda kukata mkungu. Wale wa dosie walilalamika na kukaa. Mvua za msimu huo zilikuwa za kupasua, na shitingi ya rafiki yangu ilikuwa imekula jua miaka mingi, imekuwa kama karatasi ya vitumbua. Haji, ambaye tangu siku ile dukani alikuwa anajiona kama amemvunjia mtu heshima, alitoa mabati ya ghala kuukuu, bado mazima, akaniambia, "Peleka kwa ile Mukongo yako. Ambia yeye ni ya kungojea."

Nikapeleka. Rafiki yangu aliyashukuru kwa dhati, akamwombea Haji kwa Mungu wa Wakristo na wa Waislamu. Mara iliyofuata nilipoingia ndani ya nyumba ile, maji yalikuwa yanadondoka kila mahali, masufuria yamepangwa sakafuni kuyakinga, na mabati ya Haji yalikuwa chini ya kitanda, yamelazwa moja juu ya jingine. Mtu alikuwa analala juu ya paa lake, huku ananyeshewa. Nikamwuliza mkewe kwa macho. Aliyageuza yake pembeni.

"Siku tukienda," rafiki yangu alisema, akikohoa, "mama atauzisha."

Kikohozi kile nilikisikia kikikua kwenye simu, wiki kwa wiki. Nilimwambia aje hospitali mjini, Haji ataleta gari. Alikataa, na sababu yake ilikuwa ile ile. Wenye dosie hupimwa kifua kabla ya safari, na yeye alikuwa amejihakikishia kwamba hospitali ikiandika neno kifua mahali popote, jicho litalisoma na kila kitu kitarudi mwanzo. "Baniandike mugonjwa sasa, mwisho-mwisho?" aliniuliza. "Nitapona kwanza, njo nitaenda ku hospitali." Nikamwacha. Nilidhani ni mafua ya mvua. Mara ya mwisho kuzungumza naye alikuwa na furaha. Redio ilikuwa imemwambia kwamba huko Ulaya sasa wanalizungumzia jeshi lao wenyewe kwa midomo iliyo wazi, wamechoka kungoja Mumarekani aamue. "Bameshika jembe, muandishi," alisema, na kukohoa kukamkamata, kukamshika muda mrefu, nami nikangoja na simu sikioni. Alipopata pumzi hakurudi kwenye habari ya Ulaya. Alimsalimia yule anayesikiliza, akakata.

Nimeikalia kumbukumbu hii tangu dereva alipovua kofia. Wapo watakaosema marehemu alikuwa mjinga, na mimi siwezi kukubali, kwa sababu katika watu wote niliowahi kununua maharage kwao hakuna aliyeusoma ulimwengu kama yeye. Aliuona ugonjwa wa Ulaya kutoka kwenye gunia lake kando ya njia ya Kabazana, akautaja wazi wakati wasomi wetu wa hapa mjini walikuwa bado wanabishana juu ya nani atakuwa diwani. Alijua kwamba anayekulinda anakujengea nyumba na hapo hapo anakupokonya mikono. Alijua kwamba siku ya kumtilia shaka mlinzi wako ndiyo siku unayogundua kwamba hujui hata ufunguo wa mlango wako uko wapi. Yote hayo aliyajua kwa niaba ya watu wenye majeshi na benki. Kwa niaba yake mwenyewe alikuwa na shitingi.

Wala sitaki mtu asome hapa kwamba nawatukana wanaotoa. Mafuta yale yenye bendera yamekaanga chakula cha watoto ambao wangekufa, na ndege ile imechukua watu wengi kweli, na jirani wa migomba ni shahidi. Msaada wenyewe haukumuua rafiki yangu. Naona kilichomuua ni ile imani kwamba ili apendwe na mwenye kutoa ilimbidi abaki akionekana kuhitaji, anyeshewe mahali panapoonekana. Sisi sote tuna kitu kama hicho. Mbarara hapa kuna vijana wanaongoja mjomba aliye Uarabuni, na kuna miji inayongoja barabara ya mwekezaji, na hakuna anayefagia kwake kwa sababu mgeni akikuta pasafi atadhani hapahitaji msaada. Ulaya, nasikia, bado inazungumza. Inapiga hatua moja kuelekea shambani, inageuka kuangalia kama askari bado yupo mlangoni. Ningekuwa na sauti ya kufika huko ningewaambia kwa unyenyekevu wa mtu wa maharage kwamba wasingoje mvua ifike chini ya kitanda. Ukiwa na udongo wa kupanda, hata wa kuazimwa, panda, na anayekupenda atakupenda ukiwa umeshiba.

Nilikwenda kutoa pole. Haji alikuja nami, amekaa kimya njia nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu alipomwoa dada yangu. Tulitegemea kukuta kilio. Tulikuta nyundo. Vijana wa kanisani kwao walikuwa juu ya nyumba, na mabati yaliyokuwa chini ya kitanda yalikuwa yanapanda moja moja. Haji aliyatambua kwa kutu yake, akaenda kusimama nyuma ya mti akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama mwenyewe alikuwa uwanjani na jembe. Alikuwa ameng'oa machipukizi kutoka shamba la jirani, watoto wa yale niliyoyaleta mimi, ameyalaza kwenye kivuli, na mashimo yalikuwa yamenyooka mstari mmoja kuanzia mlangoni hadi kwenye kaburi.

Nilimpa mkono wa pole. Kisha niliingiwa na hofu, hofu ya kweli, ya mtu anayemtakia mwenzake mema. Dosie ilikuwa bado ipo, ya mjane na watoto sasa, na juu yetu palikuwa peupe, hapana wingu hata la kufuta machozi. Nilimshika mkono nikamvuta chini ya ukingo wa bati jipya, nikamnong'oneza. "Mama, ngoja kwanza mambo yatulie. Siku yenyewe hii haina mawingu. Wataona yote."

Hakunielewa mara moja. Alipoelewa, alitoka kwenye kivuli, akasimama mahali palipo wazi, akainua uso juu, akaangalia kwa muda, kwa subira, kama anavyoangalia mtu aliyeambiwa kuna ndege mtini. Mimi pia nikaangalia. Vijana wa juu ya paa wakaacha kugonga, wakaangalia.

"Nilimupigia jirani simu kule Amerika," alisema, bado anaangalia juu. "Nikamuambia papa amekufa. Njo nikamuuliza kama kule balimuuliza habari ya migomba. Alianza kucheka, halafu akalia." Akashusha uso, akalichukua jembe lake. "Papa muandishi, hakuna jicho. Hakuna muntu alikuwa anatuangalia. Hata siku moja."